Mawese, ndizi mbivu na jicho la nzi: mwongozo kamili wa kupima protini zinazonasa mwanga

Ndizi iliyoiva mpaka ganda likapata madoa meusi, kikombe cha mawese, chupa kumi za maji za plastiki, kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli na tochi ya kukagulia noti. Vyote unavipata ukizunguka soko la Mwanga asubuhi moja. Kwa vitu hivyo mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Kigoma anaweza kuonyesha, kwa hesabu zake mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida tunamkaririsha tu: jicho linaona kwa sababu ndani yake mna protini inayonasa mwanga, na protini hiyo haifai kitu mpaka ipate kipande kinachotoka kwenye chakula.

Nafundisha baiolojia. Kila mwaka darasa huchora jicho, likaweka konea, mboni, lenzi na retina, kisha mchoro ukaishia hapo, kana kwamba mwanga ukishagonga retina basi mtu ameona. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza hapo. Jicho la mtu hatuwezi kulifungua darasani, wala hatuwezi kumnyima mtoto lishe tuone atakavyokuwa. Nzi mdogo wa ndizi tunaweza kumlea juma baada ya juma, na protini ya jicho lake ni ya ukoo mmoja na ya kwetu.

Kabla ya kukamata nzi, jua unachokipima

Jicho la nzi huyu si tundu moja kama letu. Ni mkusanyiko wa vijicho vidogo 750 hadi 800, kila kimoja na lenzi yake, vilivyopangwa kama masega ya nyuki. Ndani ya kila kijicho mna seli 8 za kupokea mwanga, na kila seli ina ukingo uliokunjwa kuwa makumi ya maelfu ya vijidole vidogo mno. Ndani ya utando wa vijidole hivyo ndimo protini zilimo. Jina lake ni rodopsini.

Rodopsini ina sehemu mbili. Ya kwanza ni opsini, protini yenyewe, ambayo seli huitengeneza kwa maelekezo ya jeni. Ya pili ni molekuli ndogo ya jamii ya vitamini A, iliyojikunja na kushikizwa katikati ya opsini. Nzi hana uwezo wa kuiunda molekuli hii kutoka kwenye sukari au wanga. Ataipata kwa kula karotini, ile rangi ya njano na nyekundu iliyomo kwenye karoti, papai na mawese. Chembe ya mwanga ikiigonga, molekuli iliyokunjika inanyooka, protini nayo inabadilika umbo, na badiliko hilo linaamsha protini nyingine, nayo nyingine, hadi milango iliyo kwenye utando inafunguka na chaji za umeme kuingia ndani ya seli. Chembe moja tu ya mwanga inatosha kuamsha mlolongo huo. Milango yenyewe ilianza kujulikana mwaka 1969 kupitia nzi waliokuwa wakiona kwa muda mfupi kisha wakapoteza kuona taa ikiendelea kuwaka. Baadaye ikagundulika kwamba milango ya ukoo huohuo iko ndani yetu pia, na mmojawapo ndio unaotufanya tusikie ukali wa pilipili. Ugunduzi wa huo wa pilipili ulikuwa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021.

Opsini haziko za aina moja, na hili shika vizuri, kwa sababu majaribio ya rangi yatalitegemea. Katika zile seli 8, sita za pembeni zina rodopsini ya kwanza, inayonasa vizuri zaidi mwanga wa bluu wa nanomita 480 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Hizi ndizo zinazomwezesha nzi kuona mwendo na mwanga hafifu. Seli ya saba hubeba rodopsini ya tatu au ya nne, zote mbili za mwanga wa urujuanimno, karibu nanomita 345 na 375. Huo ni mwanga ambao sisi hatuuoni kabisa. Seli ya nane hubeba rodopsini ya tano, ya bluu, au ya sita, ya kijani, karibu nanomita 510. Rodopsini ya pili iko kwenye vijicho vingine vitatu, tofauti na vile vya jicho kubwa, vilivyo utosini. Ya saba haikutiliwa maanani kwa miaka mingi. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba imo ndani ya ubongo wenyewe, kwenye seli za saa ya mwili, ikimsaidia nzi kujua mchana na usiku bila kupitia macho.

Jambo moja wanafunzi hulikosea kila mara: wekundu wa jicho la nzi si rodopsini. Ni rangi ya pazia, inayozuia mwanga wa pembeni usivuje kutoka kijicho kimoja hadi kingine. Nzi wa macho meupe aliyemfanya mtafiti wa urithi Thomas Hunt Morgan kuwa maarufu mwaka 1910 alikosa pazia hilo, lakini rodopsini alikuwa nayo. Pazia jekundu lina kazi nyingine nzuri. Rodopsini ya nzi ikishapigwa na mwanga wa bluu haivunjiki kama ya kwetu. Hubaki ikiwa imebadilika umbo hadi mwanga wa rangi ya machungwa uigonge tena na kuirudisha ilivyokuwa. Pazia jekundu linapitisha mwanga huo, hivyo jicho hujichaji lenyewe mchana kutwa.

Hatua ya 1: Kukamata nzi wanaofaa

Ukimwambia mkulima wa embe wa Ujiji kwamba unatafuta nzi wa matunda, atakuonyesha mdudu mwingine: yule mkubwa wa rangi ya njano na kahawia anayetoboa embe changa na kutaga ndani yake. Huyo mwache. Sisi tunamtaka kijinzi cha milimita 2 hadi 3, chenye macho mekundu, kinachozengea ndizi mbivu na mapipa ya pombe. Asili yake ni huku huku Afrika, kusini mwa ikweta, na amesambaa dunia nzima akifuata matunda ya binadamu.

Kata ndizi mbivu vipande viwili, viweke ndani ya chupa, kisha pachika mdomoni faneli ya karatasi yenye tundu dogo la kupita penseli. Iweke kivulini karibu na wauza ndizi asubuhi mapema au jioni. Mchana wa jua kali hutapata kitu. Baada ya saa mbili au tatu utakuwa na nzi wa kutosha.

Sasa wachuje. Chovya chupa ndani ya bakuli la barafu ya wauza samaki kwa dakika 5, nzi watalala. Wamwage juu ya sahani ya bati iliyolala juu ya barafu na uwaangalie kwa lenzi. Wenye mistari myeupe inayotoka kichwani kwenda mgongoni ni wa jamii nyingine, watoe. Baki na wasio na mistari, madume na majike, 40 au zaidi. Jike lina tumbo lenye ncha, dume lina ncha ya tumbo nyeusi, ya mviringo.

Hatua ya 2: Vyakula viwili vinavyotofautiana kwa kitu kimoja tu

Hapa ndipo jaribio linaposimama au kuanguka, kwa hiyo usiharakishe.

Pika msingi mmoja kwa chupa zote. Vikombe viwili vya maji, sembe ya mahindi meupe kiasi cha kupata kitu kizito kuliko uji na laini kuliko ugali, vijiko viwili vikubwa vya sukari nyeupe na kijiko kikubwa cha hamira. Pika dakika 15 ukikoroga, epua, na kikipoa kidogo tia kijiko cha chai cha siki nyeupe ili kuvu isiwahi kuota. Sembe nyeupe, sukari na hamira hazina karotini ya maana. Mahindi ya njano usiyaguse. Sembe iwe ya mashine ya mtaani; ukinunua ya pakiti, soma maandishi yake, na ikiwa imetajwa vitamini A irudishe rafuni.

Gawa msingi huo sehemu mbili. Ya kwanza itiwe mawese mekundu, matone manne tu kwa kila chupa, yakorogwe chakula kikiwa bado moto. Mwaka wa kwanza nilitia kijiko kizima nikidhani nawapendelea. Mafuta yalielea juu na mabuu wote wakafa kwa kukosa hewa.

Sehemu ya pili inataka mafuta pia, vinginevyo mtu atakuuliza: utajuaje kwamba si mafuta yenyewe yaliyoleta tofauti? Mafuta ya dukani hayafai, kwa sababu mafuta ya kula ya viwandani nchini hutakiwa kuongezwa vitamini A. Jibu liko jikoni kwetu. Chukua mawese yaleyale, uyachome kwenye sufuria kavu mpaka wekundu wote uishe na yabaki ya rangi ya majani makavu. Moto mkali huiharibu karotini. Kupauka kwa rangi ndiko ushahidi wake. Kazi hii ifanywe na mtu mzima, nje, mfuniko ukiwa karibu, maana mafuta yakifika hapo hutoa moshi mzito na yanaweza kushika moto. Yakipoa, tia matone manne kwa kila chupa ya kundi la pili. Sasa una vyakula viwili vyenye mafuta ya mchikichi uleule, kimoja na karotini, kimoja bila.

Jaza kila chupa hadi urefu wa vidole viwili, nyunyiza chembe chache za hamira kavu juu, ingiza kipande cha karatasi iliyokunjwa ili mabuu wapate pa kupandia, na funga mdomo kwa pamba au kitambaa. Andika kila chupa kwa namba, si kwa jina la chakula. Ufunguo wa namba akae nao mwanafunzi mmoja ambaye hatahesabu nzi.

Hatua ya 3: Kulea vizazi viwili

Weka nzi 10 kwa kila chupa, majike yazidi. Baada ya siku 4 watoe wazazi. Kwenye joto la nyuzi 25, ambalo chumba chenye kivuli hapa Kigoma hukaribia muda mwingi wa mwaka, yai hufika kuwa nzi kamili kwa siku 10 hivi. Ukipata siku 14 usishangae.

Kizazi cha kwanza usikipime. Mama aliyekulia kwenye ndizi na embe za sokoni ana akiba ya karotini, na sehemu yake huingia kwenye mayai. Hamishia watoto kwenye chupa mpya za chakula kilekile, wazae, na hao wajukuu ndio utakaowapima, wakiwa na umri wa siku 3 hadi 5.

Sinia la chupa liweke ndani ya beseni lenye maji kidogo. Sisimizi wa hapa wakigundua mabuu, asubuhi hukuti hata mmoja.

Hatua ya 4: Kutengeneza njia ya mwanga

Kata tyubu ya baiskeli kipande cha sentimita 12. Kila upande uvishe mdomo wa chupa safi ya nusu lita, uifunge kwa mpira. Banio la nguo moja libane tyubu karibu na chupa ya kushoto, jingine karibu na ya kulia. Katikati pamebaki chumba cha giza cha kusubiria. Nzi 20 wataingizwa humo wakiwa wamelazwa kwa barafu, kisha utawapa dakika 30 za kuamka na macho yao kuzoea giza. Chumba kizima cha jaribio kiwe na giza. Mapazia ya kanga mbili juu ya dirisha yanatosha ikiwa ni jioni.

Taa ziwe za LED. Nililipoteza jaribio zima siku nilipotumia balbu ya zamani ya waya: ilitoa joto kali, nzi wakasogea nusu ya njia na kurudi, na sikuweza kujua wanakimbia joto au hawaoni mwanga.

Hatua ya 5: Jaribio kuu, mwanga unaofifia

Nzi akistuliwa hukimbilia kwenye mwanga. Tabia hii Kigoma haihitaji maelezo marefu. Kila usiku wa giza unaona kutoka Kibirizi jinsi taa za wavuvi wa dagaa zilivyotapakaa ziwani, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika kwa sababu taa haivuti tena. Samaki na mdudu wana sababu tofauti za kuufuata mwanga, lakini wote wawili lazima kwanza wauone. Mwaka 1967 mtafiti Seymour Benzer aliigeuza tabia hii ya nzi kuwa kipimo cha maabara, akitumia mirija iliyoelekezwa kwenye taa. Mwaka huohuo George Wald alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Ndiye aliyekuwa ameonyesha kwamba vitamini A imo ndani ya retina.

Weka tochi ya LED nyeupe upande wa kulia, sentimita 25 kutoka kitako cha chupa. Gonga tyubu mara tatu kwa kidole, fungua mabanio yote mawili, hesabu sekunde 60, bana tena. Laza chupa zote mbili kwenye barafu na uhesabu walioko kulia, kushoto na waliobaki katikati. Chukua idadi ya kulia, toa ya kushoto, gawa kwa jumla ya wote. Wakienda wote kwenye mwanga utapata 1. Wakitawanyika ovyo utapata karibu na 0.

Rudia taa ikiwa mita 1, kisha mita 2, kisha mita 4. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaofika unapungua mara nne. Kwa hiyo kati ya mita 1 na mita 4 umeupunguza mara 16 bila kugusa taa. Kwa kila umbali fanya angalau mara tatu kwa kila kundi, na nusu ya mara hizo uhamishie taa upande wa kushoto, usije ukapima mteremko wa meza.

Kwa mwanga mkali wa karibu makundi yote mawili huenda yakafanana. Usikate tamaa hapo. Nzi aliyekosa karotini hapofuki kabisa. Amebaki na rodopsini kidogo sana, kwa hiyo anahitaji mwanga mwingi zaidi ili aone kile ambacho mwenzake anakiona kwa mwanga kidogo. Tofauti itafute mita 2 na mita 4. Kama hata huko hakuna, tia karatasi nyeupe mbili au tatu mbele ya tochi uufifishe zaidi, na angalia upya kama mawese uliyoyachoma yalipauka kweli.

Hii ndiyo sura ya upofu wa usiku kwa binadamu. Rodopsini ya macho yetu ya usiku, inayonasa vizuri mwanga wa nanomita 500 hivi, inategemea vitamini A vilevile. Mtoto anayecheza vizuri mchana lakini jua likizama anagonga vigoda na kupapasa ukuta apelekwe kituo cha afya bila kusubiri, na matone ya vitamini A yanayotolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 asiyakose. Wazazi huniuliza kama mawese yanasaidia. Yanasaidia yakiwa mekundu. Yakishachomwa mpaka yakawa meupe, kama tulivyoyachoma sisi kwa makusudi, karotini imekwenda.

Hatua ya 6: Rangi

Tumia kundi la mawese mekundu. Fundi redio atakuuzia LED nyekundu, kijani na bluu. Ya urujuanimno ni ile tochi ya kukagulia noti. Usiitazame na usimwelekezee mtu machoni, kwa sababu jicho letu halioni ukali wake na kope hazitafunga zenyewe. Plastiki ya chupa ya maji hupitisha mwanga wa tochi hizo.

Anza na nyekundu peke yake. Wengi wa nzi watabaki walipo au watatawanyika, kwa sababu hakuna hata rodopsini moja kati ya zile zinazofahamika inayonasa vizuri nyekundu. Ndiyo sababu ukitaka kuwahamisha nzi wakiwa wamezoea giza, tumia taa nyekundu hafifu: wewe unaona, wao karibu hawaoni.

Kisha weka kijani upande mmoja na urujuanimno upande wa pili, fungua mabanio kwa pamoja. Kwa macho yako kijani kinang'aa na upande wa pili una weusi wenye zambarau kidogo. Nzi wataelekea huko kwenye weusi. Katika miaka ya 1970 walipatikana nzi waliozaliwa bila seli ya saba, na katika uchaguzi huuhuu wao walikwenda kwenye kijani. Mwambie mwanafunzi asimame nyuma ya chupa, atazame nzi wanavyojaa kwenye mwanga asiouona, kabla hujamweleza lolote. Katika mwongozo huu wote sehemu hii ndiyo ninayoipenda zaidi.

Usiseme kwamba kijani ni hafifu kuliko bluu kwa kulinganisha kwa macho yako. Jicho letu huipendelea kijani, na taa mbili zinazoonekana kwetu kuwa na ukali mmoja haziko sawa kwa nzi. Linganisha kwa umbali: sogeza taa mpaka nzi wagawanyike nusu kwa nusu, uandike umbali wa kila upande.

Hatua ya 7: Kurudisha kilichopotea

Chukua nzi waliokosa karotini, wale wale waliokwisha shindwa mita 4. Wagawe. Nusu wabaki kwenye chakula chao, nusu wahamishie kwenye chakula chenye mawese mekundu, kisha wapime wote tena baada ya siku 2, 4 na 6. Nzi hao ni watu wazima. Macho yao hayajengwi upya na jeni zao hazijabadilika. Opsini ilikuwa ikisubiri kipande chake. Kikifika, rodopsini huanza kujazana tena ndani ya vile vijidole, na namba za mita 4 zinapanda.

Saa ya kuhamisha iandike kwenye chupa, na kila kipimo ukifanye saa ileile ya siku. Nzi wana majira yao, na wa asubuhi hawakimbii sawa na wa mchana.